Matusi Niliyoyatafsiri Vizuri

Maelezo niliyafanyia mazoezi kidogo tu. Matusi ndiyo niliyoyarudia mpaka yakanikaa mdomoni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu, na kwa sababu nikilificha mwanzoni nitalizunguka mpaka mwisho, kama nilivyozoea.

Jumba moja la makumbusho hapa Minneapolis lilikuwa na maonyesho ya picha ambazo Wanazi, walipotawala Ujerumani, waliziita uchafu. Zilikuwa picha za kisasa za wakati ule: nyuso za kijani, miili iliyopinda, nyumba zinazoegemeana kama walevi wanaorudi kwao. Watawala wale waliziondoa katika makumbusho ya umma. Waliozichora wakafukuzwa kazi, wengine wakakatazwa hata kununua rangi. Picha nyingi zilichomwa au kuuzwa nje. Lakini kabla ya hapo walifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Walizikusanya, wakazitundika ovyo zikiwa zimebanana, wakaandika matusi ukutani kando yake, kisha wakawaita wananchi waje wazicheke. Bila kiingilio. Na wananchi wakaja kwa wingi.

Makumbusho walitaka Jumamosi moja kila jamii iongozwe kwa lugha yake. Mfanyakazi wao, mama wa Kizungu mwenye beji na sauti ya upole, alikuja kanisani kwetu kuuliza nani angeweza kuongoza kwa Kiswahili. Kanisa letu ni la Wakenya, na siku hizi familia kadhaa za Wakongo husali nasi. Mkono wangu uliinuka kabla sijafikiri. Nilikuwa nimeshamwona mama yangu, viti viwili mbele, akigeuka kuangalia ni nani atajitolea.

Nilifanya yote kwa ajili yake. Ulikuwa umepita karibu mwaka mzima tangu niache chuo cha uuguzi, naye hakujua.

Mtu asiyeishi na sisi hawezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo. Kanisani kwetu msichana akisema anasoma, hakuna anayeuliza anasomea nini; ni uuguzi. Mama alifika nchi hii akaanza kwa kuwaogesha wazee, akasoma usiku, akawa nesi, na mpaka leo yuko katika kituo kimoja cha wazee kule Richfield, akipiga dabo, yaani zamu mbili mfululizo, karibu kila wikendi. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki kumfuata. Alikuwa ameshaweka nafasi ya ukumbi kwa sherehe ya mahafali yangu mwezi wa tano. Na alikuwa ameomba nafasi ya shukrani ibadani, pale familia inapoitwa mbele kulitangazia kanisa jambo jema. Nafasi aliyopewa ilikuwa Jumapili, siku moja tu baada ya ziara. Kwa hiyo nilikuwa na mpaka Jumamosi jioni kumwambia. Akishatangaza mbele ya watu, nitakuwa nimemvua nguo hadharani.

Ningependa kusema niliacha chuo kwa sababu sanaa iliniita. Ndivyo nilivyojiambia mimi mwenyewe kwa miezi mingi. Ukweli ni kwamba nilikimbia. Wakati wa mafunzo ya wodini, hospitalini upande wa Anoka, nilikuwa nikisoma karatasi ya dawa, nasoma kifuko, nasoma bangili ya mgonjwa, kisha narudi kwenye karatasi. Mara tano. Mara saba. Nikishamaliza natoka mlangoni, halafu narudi kuangalia kifuko kitupu kwenye pipa la taka. Wagonjwa wangu walipata dawa zikiwa sahihi kabisa na zimechelewa. Mwalimu wangu hakunifokea hata siku moja. Asubuhi moja nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali mpaka zamu ikaanza bila mimi. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo. Chuo kiliandika barua pepe tatu, na zote nilizisoma kwa makini sana bila kujibu hata moja.

Baada ya hapo nikapata kazi katika duka la fremu. Asubuhi nilitoka nyumbani na sare ya uuguzi, nikabadilisha chooni dukani. Na kuchora? Nilikuwa nimejifundisha kwa video na vitabu vya maktaba, bila mwalimu, bila rafiki hata mmoja wa kazi hiyo. Nilikuwa na kanvasi moja kubwa. Kila nilipokaribia kuimaliza niliona kosa, nikaipaka nyeupe na kuanza upya. Ilikuwa imepakwa mara saba na ilikuwa nzito kama ubao wa kukatia nyama. Hakuna mtu aliyewahi kuona kitu nilichochora, kwa sababu hakukuwa na kitu.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa huu. Mama aone kuta zile. Aone kuna watu walioteswa kwa sababu ya picha, kwamba serikali nzima iliziogopa, kwamba si mchezo wa watoto. Kisha ndani ya gari, tukirudi nyumbani Columbia Heights, nimwambie. Aliomba mwenzake wabadilishane zamu ili aje. Sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo kwa jambo lolote lisilo msiba.

Nilipewa dakika arobaini na tano. Niliandika kadi kumi na sita.

Chumba cha kwanza cha maonyesho kilikuwa kimejengwa kufanana na ule ukumbi wa kuchekea. Picha zilizotundikwa humo zilikuwa nakala, zimepinda kwa makusudi, na matusi yameandikwa ukutani kwa Kijerumani, tafsiri ya Kiingereza ikiwa pembeni. Nilipojaribu kuyaweka kwa Kiswahili neno kwa neno yalilala kama samaki wa juzi. Hayakumchoma mtu. Nikawaza, tusi lisilochoma si tafsiri sahihi ya tusi. Nikaanza kuyatengeneza. Nilikulia kwa wanawake wanaojua kurushiana maneno, na sikio langu lilijua linachotaka. Pale walipowaita wachoraji vichaa, nikaandika: “Mwendawazimu akishika brashi, mnamwita fundi!” Kando ya picha ya mwanamke mwenye uso wa pembe tatu: “Mwanamke gani huyu? Hata kioo kingemkana.” Nilitembea chumbani nikiyasema kwa sauti, nikibadilisha neno moja, nikiyasema tena. Yalikuwa kazi ya kwanza katika maisha yangu ambayo niliitazama na kuona haina kosa.

Kadi zingine hazikuwa hivyo. Kadi ya kumi na nne hasa. Ilieleza kwamba watawala wale waliziweka picha za namna ile kando ya picha za wagonjwa wa hospitalini, watu waliopooza, watu waliozaliwa na ulemavu, ili wananchi waseme ni ugonjwa uleule. Na kwamba baadaye walianza kuwaua wagonjwa wenyewe. Niliiandika mara tisa. Kila mara Kiswahili changu kilisikika kama taarifa ya habari, au kama mahubiri, au kama mtu anayetaka kusifiwa kwa huzuni yake. Ijumaa niliitoa. Nilijiambia ni kwa sababu ya muda.

Jumamosi walikuja watu kumi na wanane. Nje theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na viatu vyao vilipiga kelele kwenye sakafu iliyong'arishwa. Mama alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alisimama mbele kabisa, mkoba ameukumbatia kifuani, na macho yamemwiva, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Kando yake alisimama rafiki yake wa kwaya, mama anayesifika kwa mdomo, ambaye hata kwenye mazishi huwekwa mbali na familia. Yule mfanyakazi wa makumbusho alikaa nyuma akitabasamu. Hakujua neno hata moja la Kiswahili.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba msemaji mzuri huwaruhusu watu wacheke, kisha huwageuzia kibao. Kwa hiyo nilianza na matusi. Niliyasema kwa sauti ya walioyaandika, kwa madaha, mkono kiunoni.

“Hata kioo kingemkana!”

“Wueh!” mama wa kwaya akapiga kelele. “Rudia hiyo, rudia!”

Nikarudia.

“Na huyu je?” akauliza, akionyesha picha ya uso uliofungua kinywa. “Huyu namjua. Huyu ni mimi Jumatatu alfajiri, gari imekataa kuwaka, na bosi anapiga simu.”

“Mais, huyu mutu,” akasema mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa mwalimu Bukavu kabla ya vita, amevaa suti na kofia ya sufu, “masikio yake iko wapi? Mimi nilifundisha watoto ya darasa ya kwanza. Walikuwa nachora hivi hivi.”

“Na uliwapa ngapi, mwalimu?”

“Zero!” akasema, na kidole juu. “Zero kabisa!”

Walicheka wakishikana. Mama alicheka mpaka akaegemea bega la rafiki yake, akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu niache kumwambia ukweli; labda ni mimi niliyekuwa sithubutu kumtazama. Na nilifurahi. Hilo ndilo gumu kuliandika. Nilikuwa na ukumbi mkononi, kwa mara ya kwanza, mimi ninayejibu simu baada ya kuandika nitakachosema. Matusi ya ukutani yakaniishia na wao walitaka zaidi. Kwa hiyo nikaongeza moja. Nilielekeza kidole kwenye mchoro wa mtu mwembamba mwenye mikono mirefu, nikasema, “Na huyu, mchoraji alilipwa kwa kila mfupa.” Halikuwa ukutani. Hakuna Mjerumani aliyelisema. Nililitunga palepale, na ndilo lililochekwa kuliko yote.

Kisha nikatoa kadi ya tano, ile ya kugeuza kibao. Nilinyoosha mgongo.

“Ndugu zangu,” nikasema, “mmecheka kama walivyotaka mcheke.”

Nilikuwa nimepanga kimya hapo. Sekunde nne. Nilizihesabu.

“Basi walikuwa na mchekeshaji wa nguvu,” mama wa kwaya akajibu, na kikatoka kicheko kikubwa kuliko vyote.

Sikuwa na kadi ya hilo. Nikasema tuendelee.

Katika chumba cha pili kulikuwa na picha halisi, zilizookoka, zimetundikwa kwa nafasi na mwanga mzuri. Nilisoma kadi zangu. Huyu alikatazwa kuchora. Huyu alikimbia nchi. Huyu picha zake zote za ujanani zilipotea. Kiswahili changu kilikuwa safi na kimekufa, na watu walikuwa bado na kicheko mwilini, wanakitafutia pa kutokea. Walitazama kila picha wakingoja tusi lake. Mtu akanong'ona tusi lake mwenyewe, mwingine akamsukuma kiwiko. Kila nilipogeuka nilisikia pumzi zikizuiwa. Ningeweza kusimama na kusema jamani, nimekosea, nimewafundisha vibaya, tuanze upya. Niliangalia saa. Zilikuwa zimebaki dakika tisa.

Hapo ndipo nilipogundua mama hayupo na kundi.

Alikuwa amebaki nyuma mbele ya picha ndogo niliyoipita. Ni mzee aliyeketi kitini, uso umechorwa kwa mapigo ya rangi ya njano na zambarau, mdomo umeshuka upande mmoja. Kwenye orodha yangu picha hiyo ilikuwa ya kadi ya kumi na nne. Nilikuwa nimeitoa pamoja na kadi yake.

“Huyu amepata stroke,” mama akasema. Hakuwa akifanya mzaha. Sauti yake ilikuwa ile ya kukabidhi zamu. “Upande wake wa kushoto. Wake, si wetu. Na tazama mkono.”

Nikatazama. Chini ya kiwiko kilichokufa kulikuwa na kitu cheupe kilichokunjwa, pigo moja nene la rangi, ambalo mimi, niliyeitazama picha hiyo kwenye skrini mara ishirini, nilidhani ni mwanga tu.

“Amewekewa kitambaa,” mama akasema. “Mkono wa namna hiyo usipoupandisha unavimba, na bega linachomoka. Mtu amemkalisha huyu vizuri. Aliyemchora alikuwa anamtunza?”

Kundi lilikuwa limegeuka kutusubiri. Yule mama wa makumbusho nyuma alinitazama, akainua nyusi kwa upole, kama anayeuliza kama nahitaji msaada. Sikujua jibu. Sikuwa nimesoma popote. Mwili wangu wote ukaingiwa na ile baridi ya wodini, ya karatasi na kifuko na bangili.

“Tutarudi hapo, Mama,” nikasema.

“Haya! Mama amefungua wodi!” rafiki yake akasema. “Wagonjwa wapange foleni!”

Wakacheka. Mama naye akacheka, akaweka mkono mdomoni, akajiunga na wengine haraka, kama mtoto aliyeitwa nje ya darasa akakuta kumbe hakuitwa yeye.

Hatukurudi hapo. Nilimaliza dakika ya arobaini na nne. Walinipigia makofi. Mlangoni yule mama wa makumbusho alinishika mikono yote miwili, akaniambia hajaona kundi lililofurahi hivyo tangu maonyesho yafunguliwe.

Niliendesha mimi. Mama alitoa viatu, akainua miguu karibu na kipasha joto. Alikuwa bado anatabasamu.

“Hata kioo kingemkana,” akasema. “Mwanangu, umeyatoa wapi hayo?”

“Yalikuwa ukutani.”

“Na la mfupa?”

“Hilo pia,” nikasema.

Tulivuka mto, tukashika barabara ya Central kuelekea kaskazini. Taa zilitukamata moja baada ya nyingine, na kila taa nilijiambia hapa, na kila taa ikawa kijani kabla sijafungua mdomo. Ni yeye aliyeanza.

“Yule mzee wa kitini. Ulisema tutarudi.”

“Muda uliisha, Mama.”

“Najua. Ulikuwa unaiangalia saa kama mimi nikigawa dawa.” Akasugua miguu mbele ya kipasha joto. “Mbona alikuwa kwenye orodha ya kuchekwa? Amekosa nini mgonjwa?”

Basi nikamwambia kadi ya kumi na nne. Nilimwambia vibaya, nusu Kiingereza, nikirudi nyuma, nikisema “yaani” kila neno la tatu. Kwamba waliwaweka wagonjwa kando ya picha ili wote wachekwe pamoja. Kwamba miaka michache baadaye walianza kuwaua, mahospitalini humohumo walimolazwa.

“Wanajeshi?”

“Hapana. Madaktari. Na manesi.”

“Manesi.”

“Ndiyo.”

“Wanaojua kuwekea mtu kitambaa?”

Gari nyuma yetu lilipiga honi. Taa ilikuwa kijani na mimi sikuwa nimeondoka. Niliendesha. Mama alikuwa ametazama dirishani upande wake, na nilipomtazama kwa pembe ya jicho niliona halii. Alikuwa amekaza taya kama anavyofanya akiinua mtu mzito. Nilijua picha imemwingia. Kitu nilichokitaka kilikuwa kimetokea, bila kadi, bila matusi yangu, licha ya matusi yangu. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujaisha:

“Mama, kuna jambo nataka kukwambia. Kuhusu shule.”

“Ngoja,” akasema. “Ngoja nimalize, nisije nikasahau.” Aligeuka akanitazama mimi. “Pale kazini wanaingia wasichana, simu begani, anamgeuza mzee wa watu kama gunia la viazi. Hajui kama amemwumiza. Hajali. Wewe ukivunja kikombe hulali. Tangu ukiwa mdogo nilikuwa namwomba Mungu akuondolee hiyo hofu, maana niliona itakumaliza. Leo nimeacha kuomba. Nimesimama pale nikajiambia, wale wazee wanahitaji mtu anayeogopa hivyo. Mtu ambaye mkono ukiteleza anaona. Nimeelewa kwa nini Mungu amekutaka huko.”

Niliendelea kutazama barabara.

“Haya sasa sema,” akasema. “Shule imefanya nini?”

Nilikuwa na nafasi. Naiandika hapa wazi ili nisije baadaye nikasema sikupewa. Alikuwa ameniuliza kwa mdomo wake, gari lilikuwa kimya, na kulikuwa bado na barabara ya kutosha kwa sentensi tatu. Lakini kila sentensi niliyoijaribu kichwani ilikuwa na kosa. Nikisema nimeacha, ataniuliza lini. Nikisema lini, atahesabu asubuhi zote alizonifungia chakula. Nikisema naogopa, ameshanijibu. Nikisema nachora, atasema nionyeshe.

“Mtihani wa mwisho ni mgumu,” nikasema.

“Utapita.”

Akafumba macho. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa amelala, kinywa wazi, mikono miwili imelala mapajani viganja juu. Nilipaki, nikazima gari, nikakaa. Nilikaa mpaka vioo vikaanza kuingia ukungu ndipo nikamwamsha, kwa kuogopa atapata baridi.

Jumapili tuliitwa mbele baada ya matangazo. Mama hakuwa na karatasi. Aliwaambia watu kwamba mwanawe anamaliza uuguzi mwezi wa tano, na kwamba jana amewaongoza watu wazima kwa Kiswahili kilichonyooka katikati ya makumbusho ya Wazungu. Kisha akaacha kutabasamu, akawaeleza habari ya yule mzee wa kitini, na ya wagonjwa waliouawa na waliopaswa kuwatunza. Kanisa lilinyamaza kabisa. Alifanya kwa dakika mbili nilichoshindwa kufanya kwa kadi kumi na sita. “Ndiyo maana,” akasema, “namshukuru Mungu kwa huyu.” Mchungaji akaomba makofi ya kilo, yale ya kupigwa kwa pamoja, yakaja. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwangu.

Nilishukuru kanisa, nikamshukuru mama, nikamshukuru Mungu. Sikukwama hata mara moja. Mzee wa Bukavu alikuja baadaye akanipigia saluti. “Félicitations, hongera, binti yangu,” akasema. “Wewe nakupa kumi juu ya kumi.”

Jumatatu nikiwa kazini, mama alinitumia picha ya kitenge, buluu iliyoiva na maua ya njano. Dada yake huko Nakuru alikuwa amekipata dukani na fundi alikuwa tayari. Familia nzima tungevaa sare siku ya mahafali, na kulikuwa na mtu anayesafiri baada ya wiki tatu ambaye angebeba nguo zetu. Zilikuwa zimebaki nguo zangu tu. Aliomba vipimo leo hii, fundi anangoja.

Niliingia chooni, nikafunga mlango. Nikajipima bega, kifua, kiuno, na urefu kutoka shingoni hadi chini ya goti. Kiuno nilikipima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimezuia pumzi. Nikaziandika namba zote, moja chini ya nyingine, nikazisoma tena kuhakikisha, nikatuma.